Migomba Imejaa, Watoto Hawarefuki

Barabara inayotoka Omurushaka kupitia Nkwenda hadi Murongo, mpakani mwa Uganda, hupita katikati ya migomba karibu mwanzo hadi mwisho. Chini ya migomba kuna mibuni, na kwenye nafasi iliyobaki kuna maharage. Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, hazina sifa ya njaa. Malori ya ndizi na maharage huondoka huko kwenda kulisha miji. Ndiyo maana takwimu za udumavu huwashangaza wenyeji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wastani wa Tanzania ukiwa asilimia 30. Mikoa iliyoongoza kwa ukubwa wa tatizo ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, nayo inasifika kwa mavuno.

Mtoto aliyedumaa ni yule aliye mfupi kuliko inavyostahili umri wake. Tatizo hili hujificha kwa urahisi. Pale ambapo mtoto mmoja kati ya watatu ni mfupi, ufupi huonekana ndiyo kimo cha kawaida, na bibi atasema mjukuu amefuata ukoo. Shirika la Afya Duniani lilishalichunguza suala la ukoo. Kati ya mwaka 1997 na 2003 liliwafuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani walionyonyeshwa vizuri, waliolishwa vizuri na kuishi katika mazingira safi. Watoto hao walirefuka karibu sawasawa. Vinasaba hutofautisha watu wazima, na hutofautisha mtoto mmoja na mwenzake, lakini haviwezi kufupisha theluthi ya watoto wa mkoa mzima. Ufupi huo ni alama ya mambo yaliyoupata mwili wakati viungo vyote vikijengwa, ubongo ukiwemo.

Ujenzi huo huanza mapema kuliko wengi tunavyodhani. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kujifunga huko kunahitaji asidi ya foliki. Kliniki hutoa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, lakini mama anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano anavipata mrija ukiwa umeshajifunga, au umeshashindwa kujifunga, zamani. Kwa sababu hiyo Tanzania iliweka sheria ya kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi unaosindikwa viwandani. Ni sheria nzuri. Hata hivyo familia ya Kyerwa inayokula ndizi za kibanjani, na unga uliosagwa kwenye mashine ya kijijini, haifikiwi nayo. Kwa msichana wa huko, maharage, mboga za majani na kuwahi kliniki vina uzito kuliko kwa msichana wa Dar es Salaam anayekula mkate na chapati.

Baada ya hapo mimba hupambana na maadui wawili wanaojulikana. Malaria ni mmoja. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, mama akiwa hana homa yoyote, vikampunguzia mtoto chakula na hewa, akazaliwa mdogo. Vidonge vya SP anavyopewa mama kliniki kuanzia wiki ya 13, kwa kuachanisha mwezi mmoja au zaidi, hulinda kondo hilo, na chandarua humlinda mama mwenyewe. Adui wa pili ni upungufu wa damu. Katika miezi mitatu ya mwisho mtoto hujiwekea akiba ya chuma itakayomtosha takriban miezi sita baada ya kuzaliwa, na mama asiye na chuma ana kidogo cha kumpa. Udongo wanaotafuna wajawazito, ule unaouzwa sokoni vipande vipande, huzidi kuzuia chuma kuingia mwilini. Chai na kahawa vinavyonywewa pamoja na chakula hufanya vivyo hivyo, na mtoto aliye tumboni hana uwezo wa kuivunja kafeini. Sisemi mjamzito wa Karagwe aache kabisa kahawa ya kwao. Apunguze, na aitenganishe na mlo.

Kuna jambo jingine la kabla ya kuzaliwa ambalo kliniki hazina muda wa kulieleza. Kuanzia wiki ya 26 hivi mtoto husikia. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa watoto wenye siku chache tangu kuzaliwa chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Watoto wakabadili namna ya kunyonya ili waisikie sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwingine. Mtoto wa Kinyambo huzaliwa akiwa ameshaizoea mirindimo ya Runyambo, lugha ya Wanyambo wa Karagwe, na sauti ya mama anaitambua kabla hajaweza kuutambua vizuri uso wake.

Miezi sita ya kwanza nitaipita haraka, maana maziwa ya mama yanajitosheleza: anyonye ndani ya saa moja ya kwanza, asipewe maji wala dawa za mitishamba, wala uji wa "kumshibisha alale." Patamu, na pagumu, ni kuanzia mwezi wa sita.

Tumbo la mtoto mwenye kilo nane hubeba takriban robo lita ya chakula kwa mara moja. Gramu 100 za ndizi zilizopikwa zina protini ya takriban gramu 1 tu, na chuma kisichofika miligramu 1. Mtoto wa miezi tisa anahitaji chuma kati ya miligramu 9 na 11 kwa siku, karibu sawa na baba yake, kwa sababu damu na ubongo wake vinakua kwa kasi ambayo baba aliimaliza miaka mingi iliyopita. Ukimpa bakuli la ndizi zilizopondwa kwa mchuzi, litalijaza tumbo lote. Atashiba kweli, atalala, atanenepa mashavu. Mwili wake utakuwa umepata maji na wanga, ukakosa vitu vya kujengea. Familia nyingi hupika mara mbili kwa siku, na wakati wa kuchuma kahawa hata mara moja, ilhali mtoto wa umri huo anahitaji kula mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati ya milo.

Dawa yake haitoki mbali na nyumba. Maharage yale yale ya sufuriani yachemshwe yaive hasa, yapondwe, yachujwe maganda, kisha yachanganywe na ndizi ya mtoto kwa wingi, siyo kijiko kimoja cha mchuzi wake. Dagaa wa Ziwa Victoria, wakioshwa vizuri na kukaangwa bila mafuta, husagwa kuwa unga, na kijiko cha unga huo huongeza protini, chuma, kalsiamu na zinki kwa pamoja. Parachichi huoza chini ya miti katika vijiji vingi. Lina mafuta ambayo ubongo unayahitaji. Papai au pasheni baada ya mlo huusaidia mwili kukamata chuma kilicho kwenye maharage. Mayai hupelekwa gulioni yakauzwe. Yai moja kwa siku lingebaki kwa mtoto wa mwaka mmoja, ningefurahi kuliko kusikia hotuba kumi za lishe.

Hapo ndipo suala la lishe linapogeuka kuwa suala la pesa za kahawa. Karagwe na Kyerwa wanaijua butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa maua tu, kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga vita kwa miaka, na bado ipo. Anayeuza kwa kawaida ni baba, na fedha humalizika kabla ya mavuno. Anayechuma na kuanika ni mama, mara nyingi akiwa na mimba au mtoto mgongoni. Msimu wa kazi ngumu unamkuta akiwa amechoka, anapika mara moja, na kahawa anayoianika imeshakuwa ya mtu mwingine. Ninaamini baba anayeikataa butura ameichangia afya ya mtoto wake kuliko mashauri mengi ya kliniki tunayoyaelekeza kwa akina mama peke yao. Vivyo hivyo baba asiyeacha fedha iishie kwenye rubisi, pombe ya ndizi.

Chakula kikipatikana, bado uchafu unaweza kukiiba. Mtoto anayetambaa uani pamoja na kuku na mbuzi hutia mkono mdomoni mara nyingi sana kwa saa moja. Vijidudu vya kinyesi vinavyomwingia kila siku huuharibu ukuta wa utumbo hata asipoharisha, na utumbo ulioharibika hushindwa kufyonza alicholishwa. Mkeka uliofuliwa, banda la kuku lenye mlango na sabuni kabla ya kulisha ni sehemu ya mlo.

Nasi tuliosomea makuzi tumechelewa kusema kwa sauti kwamba ubongo hauli chakula pekee. Mtoto huzaliwa na ubongo wenye kama robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka miwili, umefikia takriban robo tatu. Kinachoongezeka humo, kwa sehemu kubwa, ni miunganiko kati ya seli, na miunganiko huimarika kwa kutumiwa. Mtoto anatoa sauti, mama anaijibu; anaonyesha kidole, kaka anataja jina la kitu. Huko Kingston, Jamaica, kuanzia mwaka 1986, timu ya Sally Grantham-McGregor iliwachukua watoto 129 waliodumaa wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa jamii waliowafundisha akina mama kucheza na kuzungumza na watoto, kwa vifaa vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye kipato cha waliochezewa kilizidi cha wenzao kwa asilimia 25. Mpira wa majani ya mgomba na gari la mabua vinatosha kwa kazi hiyo.

Wazazi wengine wa Karagwe wameacha kumsemesha mtoto Runyambo, wakiogopa kwamba lugha mbili zitamchanganya asijue Kiswahili cha shule. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto mdogo huzimudu lugha mbili bila kudhurika. Kinachomdhuru ni kuzungumziwa kidogo, kwa lugha isiyomtoka mzazi kwa wepesi. Bibi anayejua hadithi nyingi kwa Runyambo ni mwalimu wa awali aliyekamilika.

Kagera yenyewe imetupa ushahidi ambao sehemu chache za Afrika zinao. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia na chuo cha Muhimbili walizihoji kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, Karagwe ya wakati huo ikiwemo, wakati Ukimwi ukiwaua wazazi. Mwaka 2004 watu hao wakatafutwa tena. Waliokuwa na lishe duni kabla ya umri wa shule walikuwa wamechelewa kuanza shule na kupata madarasa machache. Waliofiwa na mama kabla ya kufika miaka 15 walipungukiwa sentimita 2 za urefu na mwaka mzima wa masomo, na pengo hilo halikuzibika ukubwani. Nikiisoma tarakimu hiyo huwafikiria mabibi wa Kagera waliolea wajukuu peke yao, na kuona jinsi tulivyowaachia kazi kubwa bila msaada.

Desemba 2021 nchi ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na vijiji vina Siku ya Afya na Lishe kila robo mwaka. Mzazi au bibi atakayefika siku hiyo aombe mtoto apimwe urefu, kwani uzito peke yake haufichui udumavu. Matone ya vitamini A hutolewa Juni na Desemba, asiyakose. Na asisubiri siku hiyo ikiwa mtoto wa mwaka mmoja hageuki akiitwa, wa miezi 18 hajaanza kutembea, au wa miaka miwili hajaunganisha maneno mawili katika lugha yoyote ya nyumbani. Huyo apelekwe kituo cha afya, au hospitali kama Nyakahanga, na uchunguzi uanzie masikioni: mtoto mwenye usaha wa sikio usiotibiwa huonekana mzito wa kuelewa, kumbe hasikii.