Ujumbe wa Simu na Nauli ya Kliniki

Mama msomaji, ni mara ngapi umepokea katika simu yako ujumbe mfupi unaohusu afya? Huenda uliusoma, ukaufuta, ukaendelea kuchambua mchele. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyeulipia?

Ujumbe kama huo hauji bure. Yupo aliyeuandika, yupo aliyehakikisha kwamba unaeleweka, na nyuma yao yupo aliyeamua fedha zitumike kwa kazi hiyo na si kwa nyingine. Huyo wa mwisho hachomi sindano wala hapimi joto la mgonjwa. Hata hivyo, kazi yake ni ya afya ya jamii kama ilivyo yangu mimi muuguzi. Akiamua vizuri, mama anakuja kupimwa mapema. Akiamua vibaya, tunampokea wodini saratani ikiwa imekwisha kuenea.

Kazi ya kugawa fedha

Nchini Marekani ipo Taasisi ya Taifa ya Saratani, iliyoanzishwa mwaka 1937. Mwaka 1999 Gary Kreps alianza kuongoza tawi lake jipya la utafiti wa mawasiliano ya afya, akaliongoza hadi mwaka 2004. Kreps hakuwa daktari wa kutibu. Fani yake ni mawasiliano. Katika kipindi chake taasisi ilitoa fedha kwa vituo vinne vya vyuo vikuu vichunguze namna ya kuzungumza na watu juu ya saratani. Ilianzisha pia mahojiano makubwa na wananchi, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na 2003, kuwauliza habari za saratani wanazipata wapi.

Majibu, yaliyochapishwa mwaka 2005, yanafundisha. Watu wapatao 62 katika kila 100 walisema wanawaamini sana madaktari wao. Karibu nusu walisema wangependa kumwendea daktari kwanza. Lakini miongoni mwa waliokuwa wametafuta habari za saratani, karibu nusu walianzia kwenye intaneti, na 11 tu katika kila 100 walianzia kwa daktari.

Unaona? Mtu anaweza kumwamini mmoja, akamwendea mwingine kwa sababu ndiye aliye karibu. Ndiyo maana wanaogawa fedha za kinga wameelekea kwenye simu. Simu iko karibu, mfukoni au kwenye kibweta.

Jaribio la Kilimanjaro na Arusha

Sasa tuje kwetu Tanzania. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake wapatao 10,000 nchini hugundulika na saratani ya mlango wa kizazi kwa mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Karibu saratani zote za aina hii huletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, mara nyingi huchukua miaka 15 hadi 20 mabadiliko kufikia saratani. Muda huo ni mrefu. Anayepimwa ndani yake anaweza kutibiwa kabla ugonjwa haujaanza.

Watafiti walitaka kujua kama simu inaweza kuwafikisha akina mama kliniki. Katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha waliwagawa wanawake 866 katika makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilitumiwa ujumbe mmoja tu wa kueleza kliniki ziko wapi na zinafunguliwa saa ngapi. Kundi la pili lilipata jumbe 15 za mafundisho na kutia moyo. Kundi la tatu lilipata jumbe hizo hizo pamoja na vocha ya nauli kwa njia ya simu.

Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Katika kundi la kwanza walikwenda kupimwa asilimia 4.3. Katika kundi la pili, asilimia 12.9. Waliopewa na nauli walifika asilimia 18.

Jumbe zilisaidia sana, hilo halina ubishi. Lakini tazama pia kwamba hata pale palipokuwa na nauli, zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 hawakwenda. Simu haimtazami mtoto mgonjwa, haipaliliwi shamba, wala haizungumzi na mume asiyeona haja ya safari. Katika jaribio jingine, Dar es Salaam na Moshi, wanawake 705 waliokutwa na virusi vya HPV walitakiwa kurudi kupimwa tena. Wengine walitumiwa jumbe za kuwakumbusha, wengine hawakutumiwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba jumbe hazikuleta tofauti ya maana.

Kwa hiyo mwenye kugawa fedha anapaswa kulipia ujumbe, na pia kulipia yale yanayomzuia mama mlangoni kwake. Tena alipie kuchunguza kama ujumbe umefanya kazi, maana kuhesabu jumbe zilizotumwa si sawa na kuhesabu akina mama waliopimwa.

Tuanzie nyumbani

Sisi hatugawi fedha za utafiti, lakini kila nyumba ina mfuko wake, hata ukiwa mdogo. Fanya haya:

Kwanza, kama umefikisha miaka 30, panga kupimwa. Kama unaishi na virusi vya UKIMWI, anza ukiwa na miaka 25, kwa kuwa hatari kwako ni kubwa zaidi. Mara nyingi mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Ni dakika chache.

Pili, uliza kituo cha afya kilicho karibu kinapima siku gani, kisha weka nauli kando. Wenye upatu au kikundi cha kuweka na kukopa wanaweza kutenga fungu dogo la nauli, wakaenda wawili wawili.

Tatu, mweleze bwana wako. Ujumbe ukiingia kwenye simu mnayotumia pamoja, asiushangae. Kupimwa hakuna maana kwamba mmoja wenu amekosa uaminifu, kwani virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili.

Nne, binti yako mwenye miaka 9 hadi 14 apate chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu.

Ukipata tena ujumbe wa namna hii, usiufute kabla hujaandika tarehe ya kwenda. Kisha msomee na jirani yako asiyekuwa na simu.