Lubumbashi: ana miaka 19 na wanamwita Mzee, juma moja ya misionari kijana wa Wamormoni

Katika mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi, wakaaji wa Lubumbashi wamezoea kuwaona: vijana wawili wawili, shati nyeupe, kravate, viatu vyenye vumbi nyekundu, na kibao kidogo cheusi kifuani. Watu wanawaita Wamormoni. Wenyewe wanapendelea jina refu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu mwaka 2018 viongozi wao huko Marekani wanasisitiza kwamba hilo refu ndilo litumiwe. Juu ya kibao, mbele ya jina la ukoo, kuna neno moja la Kiingereza: Elder. Maana yake ni mzee.

Mzee huyo mara nyingi ana miaka 18, 19 ao 20. Nyumbani kwao bado anatumwa kuchota maji. Lakini mambo ambayo juma inamletea si ya watoto.

Siku ina saa zake. Kuamka ni saa kumi na mbili na nusu, mazoezi ya mwili kidogo, kuoga, kula, halafu kusoma maandiko, kwanza peke yake, kisha pamoja na mwenzake. Baadaye ni njia, na miguu. Saa ine na nusu usiku taa inazimwa, kama SNEL haikuizima mbele yao. Mshahara hakuna. Katika inchi tajiri kama Marekani, tangu 2020 misionari ao jamaa yake wanatoa dola 500 kila mwezi kwa ajili ya kazi hiyo. Katika inchi kama Congo jamaa inatoa kadiri ya uwezo, na mfuko wa kanisa unasaidia. Wanaume wanatumika miezi 24, wanawake miezi 18. Hakuna mchumba wa kutembelea, hakuna sinema, hakuna kutembea peke yako.

Mwenzake hakumchagua. Rais wa misioni ndiye anapanga nani akae na nani, na kijana wa Katanga anaweza kupewa chumba kimoja na kijana wa Mbuji-Mayi ao Kananga. Huku hilo si jambo dogo. Watu wazima wa Likasi na Kolwezi hawajasahau miaka ya 1992 na 1993, wakati Wakasai walipofukuzwa, jamaa nzima zikalala kwenye vituo vya reli zikingoja treni. Vijana hawa hawakuwa wamezaliwa, lakini maneno waliyasikia nyumbani. Sasa wanapikia sufuria moja. Mmoja anataka bukari ya mahindi matupu, mwingine anataka unga uchanganywe na wa muhogo kama kwa mama yake. Ugomvi unaweza kuanzia hapo, na hawawezi kuukimbia: kesho asubuhi ni lazima watoke pamoja, na mara moja kwa juma wanapaswa kukaa na kuambiana waziwazi kile kinachowaumiza.

Jumatatu ndiyo siku yao ya kupumua. Wanafua mashati kwa mikono (shati nyeupe na vumbi ya Lubumbashi havijapatana hata siku moja), wanaenda sokoni kutafuta makala, sombe na samaki, wanacheza mpira kidogo. Na wanapiga simu nyumbani. Zamani walikuwa na ruhusa ya kupiga mara mbili tu kwa mwaka, siku ya Noeli na siku ya akina mama. Tangu Februari 2019 ni kila juma, na wazazi wengi walishukuru.

Lakini simu haileti salamu peke yake. Mdogo amerudishwa nyumbani kwa sababu ya feza ya masomo. Mama anaumwa. Siku nyingine ni kifo. Desturi ya misioni ni kwamba misionari anaendelea na kazi hata kama mzazi amekufa. Anaweza kuomba kurudi, lakini wengi wanabaki. Kwa Mkongomani hilo ni zito kuliko njaa na kuliko jua. Mtoto wa kwanza kukosa kwenye matanga ya baba yake ni kitu ambacho wajomba wanaweza kukikumbusha miaka ishirini baadaye, siku ya kugawa mali ao siku ya kwenda kuposa. Kanisa linaomba kingi hapo, na si ajabu wazazi wengine kulalamika.

Kutoka Jumanne hadi Ijumaa siku zinafanana. Mkutano wa wamisionari wa eneo, milango, miadi ambayo mwenye nyumba ameisahau, "mrudi kesho". Kuna wanaouliza kama kanisa la Wamarekani litawatafutia viza. Kuna wanaocheka wakisikia kwamba kahawa, chai, tumbaku na pombe vyote vimekatazwa, tena katika mji wa Simba na Tembo.

Swali moja haliwachekeshi. Mpaka Juni 1978 kanisa hili halikuruhusu mwanamume mwenye asili ya Afrika kupewa ukuhani, kwa hiyo hakuna kijana mweusi ambaye angeweza kuvaa neno Elder kifuani. Mwaka 2013 kanisa lenyewe liliandika kwamba linakataa maelezo yaliyotolewa zamani kutetea marufuku hiyo. Zaire ililitambua mwaka 1986, miaka nane tu baada ya mlango kufunguliwa; misioni ya Lubumbashi ilianzishwa 2010, na leo waumini katika Congo wamepita 100,000. Mtu aliyesoma akiuliza habari ya 1978, kijana anapaswa kujibu yeye mwenyewe, kwenye kibaraza, mbele ya watoto wa watu, na mwenzake pembeni.

Hata hivyo kazi ngumu zaidi ya juma ni mahari. Kanisa halibatizi mwanamume na mwanamke wanaokaa pamoja bila ndoa ya sheria. Katika Lubumbashi kuna nyumba nyingi ambazo baba na mama wana watoto watatu ao wane, wanapendana, lakini hawajafika kwenye komine kuandikisha ndoa kwa sababu mahari haijatolewa. Sheria ya jamaa ya Congo nayo inadai mahari, walau sehemu yake, ndipo ndoa ifungwe. Basi kijana wa miaka 19, asiye na mke, asiyewahi kukaa katika kikao cha wakwe, anajikuta mbele ya mtu mwenye umri wa baba yake na anapaswa kumuuliza: "Papa, habari ya mahari imefika wapi?"

Kuna njia mbaya ya kuuliza hivyo, na wengi wanaijua baada ya kufukuzwa. Mwenye akili anajifunza upesi. Anaongea na mume kwanza, pembeni, si mbele ya mke na watoto. Halafu haendi kwa wakwe yeye: anamwita askofu wa kata, ambaye kwa Wamormoni si padri wa kulipwa bali ni papa wa mtaa mwenye kazi yake ya kawaida, pamoja na wazee wawili wanaojua namna ya kubisha hodi kwa watu wenye hasira ya miaka kumi. Wakwe wakikubali sehemu, na nyingine ikaandikwa kuwa deni, mume na mke wanaweza kwenda komine. Wakikataa, ubatizo unangoja, na kijana anarudi nyumbani bila neno la kuandika katika ripoti yake.

Kwa wale ambao mambo yao yametimia, mbele ya ubatizo kuna mahojiano na misionari mwingine, naye bado kijana: tumbaku, pombe, uaminifu katika ndoa, fungu la kumi. Jumamosi ni maji. Birika la ubatizo linachukua saa nyingi kujaa, na Regideso ikileta maji kidogo ni lazima kuanza usiku. Anayebatizwa anavaa nyeupe na kuzamishwa mwili wote. Mashahidi wawili wanaangalia, na kama kidole cha mguu kimebaki juu ya maji, inarudiwa.

Jumapili ibada ni saa mbili. Mara moja kwa mwezi, kwa kawaida Jumapili ya kwanza, wanafunga, bila chakula wala maji, na feza ya chakula hicho inaenda kwa maskini. Mchana wanatembelea nyumba tena, midomo mikavu.

Kila juma sita kuna mahamisho. Ujumbe unafika, na siku chache baadaye kijana yuko ndani ya basi kwenda Likasi ao Kolwezi na sanduku lake. Wale aliowafuata miezi mitatu kwa habari ya mahari, siku ya ndoa yao hatakuwapo. Kinachobaki ni maneno machache katika simu ya kazi, kwa yule anayekuja nyuma: mbuzi wawili bado, baba mkwe anarudi kutoka Kasumbalesa mwisho wa mwezi, usiende bila askofu.