Siku moja Bruxelles kwa miguu: shaba ya Katanga katikati ya mji

Jamaa nyingi hapa Lubumbashi zina mtoto, dada au mjomba kule Ubelgiji. Wakitupigia simu wanatueleza juu ya baridi, karatasi na kazi. Mji wenyewe hawauelezi sana, kwa sababu wanaupita ndani ya basi na metro, kila siku mbio. Wakati wa likizo kubwa nilialikwa kule kwa ndoa ya jamaa. Siku moja kabla ya kurudi, nilimwomba mama mdogo anitembeze Bruxelles kwa miguu. Tulikwenda na mtoto wake wa miaka kumi na miwili, aliyezaliwa kule kule. Ninawaandikia tuliyoyaona, ili atakayejaliwa kufika ajue pa kupita, na anayebaki ajue la kuwauliza watoto wetu walio mbali.

Uwanja wa mafundi

Tulianza saa tatu ya asubuhi kwenye Gare Centrale. Toka pale hadi Grand-Place ni mwendo wa dakika tano tu. Uwanja huu umezungukwa na nyumba ndefu, nyembamba, zenye mapambo ya dhahabu. Hazikujengwa na wafalme. Zilikuwa nyumba za vyama vya kazi: waoka mikate, watengeneza pombe, washonaji, watu wa mashua. Mnamo Agosti 1695 majeshi ya Ufaransa yalipiga mji kwa mizinga na karibu uwanja wote ukateketea. Vyama hivyo vikachanga fedha, vikajenga upya kwa miaka michache tu. Mnara wa jumba la mji, wenye urefu wa mita 96, ndio uliobaki umesimama. Tangu 1998 uwanja huu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Sisi tulio na likelemba na vyama vya kusaidiana tunaelewa somo hili vizuri. Watu wakichanga pamoja, hata majivu yanageuka nyumba.

Karibu na hapo kuna Manneken Pis, kitoto cha shaba kinachokojoa maji mbele ya watu. Usitazamie kitu kikubwa: urefu wake haufiki hata sentimita 60! Lakini kina nguo zaidi ya 1000, zilizotolewa na watu wa nchi nyingi, na zina nyumba yao ya makumbusho. Mama mdogo alicheka: «Kitoto hiki kinapita mimi kwa mavazi.»

Mlima wa sanaa na meza ya 1960

Kutoka hapo tulipanda Mont des Arts. Ni ngazi na bustani, na ukigeuka nyuma unaona mji wote wa chini na ule mnara. Ni mahali pazuri pa kupumzisha miguu na kula mikate mliyobeba, kwa maana chakula cha hotelini ni ghali.

Hapo pia Mkongomani asipite bila kusimama. Katika Palais des Congrès, Januari na Februari 1960, ndipo ilipofanyika Table Ronde. Hapo ilikatwa tarehe 30 Juni ya uhuru wetu. Patrice Lumumba alikuwa gerezani wakati mkutano ulipoanza, na siku zile zile akaletwa hapa kwetu Katanga, Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Ikabidi afunguliwe aende kukaa mezani na wenzake. Siku hizo hizo, African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa Bruxelles, na kule ndiko «Indépendance Cha Cha» ilikopigwa mara ya kwanza.

Farasi wa shaba

Tulipita mbele ya jumba la mfalme, tukazunguka mpaka Place du Trône. Hapo kuna sanamu kubwa ya Leopold II juu ya farasi, iliyosimamishwa mwaka wa 1926. Mwezi wa Juni 2020 waandamanaji waliimwagia rangi nyekundu. Lakini nilichotaka kuona mimi ni maandishi yake. Yanasema kwamba shaba na bati za sanamu zilitoka Kongo, na kwamba Union Minière du Haut-Katanga ilizitoa bila malipo.

Mama mdogo alisoma, akanyamaza. Kisha akasema: «Miaka kumi na minane ninapita hapa na basi. Sikushuka hata siku moja.»

Mtoto akauliza: «Ilitoka kwenu?»

Nikamjibu: «Ilitoka kwetu, na wewe umo. Babu yako alisimama mbele ya tanuru ya Union Minière miaka mingi.»

«Na mfalme huyu alimjua babu?»

Ikabidi nimweleze taratibu. Leopold II aliifanya Kongo mali yake mwenyewe tangu 1885 mpaka 1908. Watu wetu walilazimishwa kukata mpira, wengi wakakatwa mikono, wengi wakafa. Yeye mwenyewe hakukanyaga Kongo hata siku moja. Kampuni ilisema shaba ilitolewa bure, lakini waliochimba na kuyeyusha hawakuulizwa. Mtoto alisikiliza, halafu akamgeukia mama yake: «Mbona hukuniambia babu alifanya kazi gani?»

Swali lile halikuwa la mfalme tena. Lilikuwa letu sisi wazazi.

Toka pale ni dakika chache kufika Porte de Namur, kwenye Square Patrice Lumumba, iliyofunguliwa rasmi tarehe 30 Juni 2018. Nyuma yake inaanza Matonge, iliyopewa jina la mtaa wa Kinshasa: vitenge, wasusi wa nywele, makayabu, sombe. Kilingala kinasikika kuliko Kiswahili, lakini mama mmoja muuza mboga alitusalimu kwa sauti ya Kenya na Kamalondo kabisa.

Shauri kwa watakaofika: vaeni viatu vya chini, maana barabara za zamani ni za mawe, bebeni maji, na sarafu kidogo kwa choo. Njia yote haifiki kilomita tano.

Na kwetu tunaobaki, kazi ipo. Darasani nimewapa wanafunzi wangu zoezi: kila mmoja amuulize mzee wa nyumbani alifanya kazi gani Union Minière au Gécamines, aandike ukurasa mmoja. Mama, ukimpigia simu mjukuu wako aliye Ulaya, msimulie vilevile. Mumbunda tunaiona kila asubuhi hapa. Yeye anapita karibu na shaba yake bila kuijua.