Bahari ya Aral: Ziwa Lililonyimwa Mito Yake

Mtu akiitazama ramani iliyochapishwa kabla ya mwaka 1960, ataona baina ya Uzbekistani na Kazakstani ziwa liitwalo Bahari ya Aral, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 hivi, yaani karibu sawa na Ziwa Victoria letu. Halikuwa na mto utokao ndani yake. Lililishwa na mito miwili, Amu Darya na Sir Darya, ambayo waandishi wa Kiislamu wa zamani waliiita Jayhun na Sayhun.

Ziwa la namna hii ni kama mtungi uliowekwa juani bila kifuniko. Ukitiwa kata moja kila siku, na jua likanyonya kata moja, maji hubaki pale pale. Ukipunguza kutia, maji hushuka, ingawa hakuna aliyeuvunja mtungi.

Serikali ya Kisovieti iliigeuza mito ile kumwagilia mashamba ya pamba. Mfereji wa Karakum, ulioanza kuchimbwa mwaka 1954, ulipita jangwani bila kusakafiwa, na maji mengi yakapotelea mchangani. Wala tusiwadhanie wakubwa wale kuwa wajinga: walijua ziwa litapungua, wakakata shauri kwamba faida ya pamba itaizidi ya samaki. Walihesabu kila kitu peke yake. Hawakuhesabu jinsi vitu hivyo vilivyofungamana.

Maji yalipopungua, chumvi ilibaki, ikazidi ukali hata samaki wakafa; uvuvi wa biashara ukakoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sakafu ya ziwa ikawa jangwa la chumvi iliyochanganyika na mabaki ya dawa za mashamba, na upepo ukaipeperusha vumbi hiyo mpaka vijijini, ikaingia vifuani mwa watoto. Ziwa ndilo lililokuwa likipoza joto la kiangazi na kupunguza ukali wa majira ya baridi. Lilipojitenga, yote mawili yakazidi. Chumvi ikatanda mashambani vilevile, na mkulima akalazimika kuiosha ardhi yake kwa maji zaidi. Akayatoa wapi? Katika mto ule ule! Hiki ndicho wataalamu wa mazingira wakiitacho kutazama mambo kwa mfumo: tokeo huzunguka likarudi kuwa sababu. Kijana afundishwaye maji muhula huu na udongo muhula ujao, yamkini asilione duara hili.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ziwa likagawanyika, la kaskazini dogo na la kusini kubwa. Mwaka 2005 Kazakstani, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilikamilisha boma la Kokaral, lenye urefu wa kilomita 13 hivi, kuyazuia maji ya Sir Darya yasimwagikie kusini. Maji ya kaskazini yakapanda upesi kuliko ilivyotazamiwa, chumvi ikapungua, na samaki waliosalimika mtoni wakarudi, na wavuvi nyuma yao.

Walakini maji yaliyozuiwa kaskazini hayafiki kusini. Mwaka 2014 sehemu ya mashariki ya ziwa la kusini ilikauka kabisa. Huko Muynak, mji uliokuwa bandari, mashua zimelala mchangani mbali na maji, na watu hupanda saksauli, mti wa jangwani, ili mizizi yake iushike mchanga ule usiruke.