Voleyi ya mchangani: watu wawili, wavu na mto

Vitabu vya Kiswahili vinauita mchezo huu mpira wa wavu wa ufukweni. Hapa Kasongo "ufukwe" ni neno la darasani. Anayetoka kando ya maji husema ametoka mchangani. Basi nitasema voleyi ya mchangani, na mwenye kamusi anivumilie. Bahari hatuna, lakini mchezo wenyewe hauiombi. Mwaka 2019 mashindano ya mzunguko wa dunia yalifika Rubavu, Rwanda, kwenye mwambao wa Ziwa Kivu, jirani kabisa na Goma. Mwaka 2021 Wakenya Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi waliucheza katika Olimpiki ya Tokyo. Sisi tuna Lualaba, na ndugu zetu wa Kabambare wana Luama. Mvua zikikatika, maji hushuka na mchanga hutokeza.

Kilichonifanya niandike ni barabara. Timu ya voleyi ya kawaida ni watu sita, mbali na wa akiba. Kuwatoa Kabambare mpaka Kasongo kunataka pikipiki kadhaa, mafuta na njia yenye utulivu, na vitu hivyo vitatu havikutani mara nyingi. Mchangani timu ni watu wawili, bila wa akiba: pikipiki moja inaileta timu nzima. Tena wengi wetu tukimaliza masomo tutakwenda kufundisha vijijini, ambako msichana mwenye kipaji huacha kucheza kwa kukosa wenzake watano. Huku akimpata mmoja, inatosha.

Uwanja una urefu wa meta 16 na upana wa meta 8. Wavu una kimo cha meta 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Mchanga uwe na kina cha sentimeta 40 hivi: chomeka mkono, na ukizama karibu mpaka kiwiko bila kugusa jiwe, hapo panafaa. Mistari yetu ni kamba ya kufungia mizigo, iliyokazwa kwa vijiti vilivyozikwa ndani kabisa ili mguu usijikwae. Mpira wa mchangani hujazwa upepo kidogo kuliko ule wa uwanja mgumu. Kama unao huo wa kawaida tu, upunguze upepo kidogo. Na usimtume mtoto kuufuata majini. Lualaba ina mamba, na mpira uliochukuliwa na maji umeshaanza safari ya Kindu.

Ugumu unaonekana kwa hesabu. Katika voleyi ya kawaida upande mmoja ni meta 9 kwa 9, yaani meta za mraba 81 kwa watu sita: kila mmoja analinda 13 na nusu. Mchangani ni 64 kwa watu wawili: kila mmoja 32, huku mchanga ukikula nguvu ya mguu kila unaposukuma. Ndiyo maana wiki mbili za mwanzo sisi hatupigi smashi. Tunakimbia peku, hatua fupi fupi, tunasimama ghafla, tunapokea mansheti tukiwa tumekunja magoti. Anayezoea kuruka kwa mkimbio mrefu atazama. Mchangani unakaribia kwa hatua chache, kisha unaruka juu moja kwa moja, mikono ikikuvuta.

Sheria nazo zinabadilisha mkono. Kontre inahesabiwa kama mguso wa kwanza, hivyo inabaki miwili. Kuudokoa mpira kwa ncha za vidole ili uvuke wavu ni kosa. Tumia vifundo vya vidole. Seti huchezwa mpaka 21, ya tatu mpaka 15, kwa tofauti ya pointi mbili, na timu hubadilishana upande kila baada ya pointi 7 (katika seti ya tatu kila baada ya 5), maana jua na upepo havina haki.

Hapo ndipo somo letu la lugha linapoingia. Wachezaji wawili wasiposemezana, mpira unaanguka katikati yao. Lakini "yangu" na "yako" huanza sawa, na upepo wa mtoni hula mwisho wa neno. Wengi hapa husema "miye" na "weye", ambayo yanafanana mwishoni. Mimi na mwenzangu tumechagua "mimi" na "wewe", kwa kuwa hayashiriki sauti hata moja. Kumwonyesha mpigaji penye nafasi, "kulia" na "kushoto" vinachelewesha: kulia kwangu au kwako? Tunaita "mto!" au "pori!" Tukibadilishana upande, mto haujahama.

Siri ndiyo haiwezi kupigiwa kelele, kwa sababu wapinzani wanasikia Kiswahili kama sisi. Wenye lugha moja ya nyumbani wangeweza kuitumia, Kibangubangu kwa mfano, lakini Kabambare nani asingeisikia? Kwa hiyo aliye wavuni huficha mkono mgongoni, mwenzake anayepiga servisi akiutazama. Kidole kimoja: nitaziba njia ya mstari. Viwili: nitaziba mshazari. Ngumi: siweki kontre. Mkono wa kushoto unamhusu mpinzani wa kushoto, wa kulia yule wa kulia. Waliosoma Saussure watatambua kwamba hakuna kitu ndani ya kidole kinacholazimisha maana hiyo. Ni mapatano tu. Anayelinda nyuma husoma alama hiyo kisha hujiweka pale ambapo kontre haifiki. Ninyi wawili mkiisoma tofauti, mtaziba njia moja na kuiacha nyingine wazi, hata muwe na miguu ya swala.

Mazoezi yawe asubuhi, kabla mchanga haujachoma nyayo. Mvua zikirudi, ng'oeni milingoti mapema, kabla mto haujaichukua.