Mpango wa Daftarini, Unyevu wa Tanga

Mwaka 1907 Waingereza walianza kuleta senti za alumini Afrika Mashariki. Ukiipima hoja yao mezani, ina mashiko: madini mepesi, yasiyoshika kutu kama chuma. Kilichosahaulika ni viganja. Sarafu ndogo huku pwani hulala kwenye pindo la kanga, ndani ya jasho na chumvi, na ikitoka hapo huingia kwenye mkono uliotoka kupara samaki. Alumini haikuyaweza hayo. Kufikia 1909 senti moja ilikuwa imeshahamishiwa kwenye mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Moja ya senti hizo za alumini iko Tanga, kwenye kopo la maziwa ya unga aliloliacha marehemu baba mkwe wangu, aliyekuwa na duka Ngamiani. Pembezoni imeliwa, namba za mwaka zinasomeka kwa kubahatisha. Kopo lenyewe lina sarafu zisizofika mia mbili, na si hazina. Nyingi ukizipeleka kwa wanunuzi hazitakurudishia nauli ya Dar es Salaam. Ila ukizitandaza mkekani unaona miradi ya fedha ya pwani hii ikipita mmoja baada ya mwingine, mingi ikiwa imekufa kijana. Kuna pesa ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1890, zama ambazo rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 hesabu hiyo ikafutwa, rupia ikagawanywa heller 100. Kuna senti kumi za zama za florini, sarafu iliyoanzishwa 1920 na kuondolewa kabla haijazoeleka, maana kufikia 1922 shilingi ilikuwa imeshakalia kiti chake.

Shemeji yangu, mhasibu mstaafu, ndiye aliyeamua kwamba kopo hilo liorodheshwe. Alinunua kaunta buku, akalipigia mistari kwa rula: namba, nchi, thamani, mwaka, madini, uzito, kipenyo, hali, bei. Akanunua na albamu yenye vijifuko. Kazi ilipangiwa kumalizika kabla ya mfungo. Mpango safi, na mimi nilitoa pesa ya mizani.

Safu ya nchi ndiyo iliyogoma kwanza. Ile pesa ya 1890 ilitolewa na kampuni. Upande mmoja ina tai wa Kijerumani, upande wa pili imeandikwa Kiarabu. Iandikwe Ujerumani? Tanganyika haikuwapo kwa jina hilo. Kuna na shaba ya Mombasa ya 1888, nayo ni ya kampuni, ya Kiingereza safari hii, na ina picha ya mizani. Sasa hiyo mizani imo pia kwenye shaba za Sayyid Barghash wa Zanzibar, kwa hiyo mtu asiyesoma maandishi atazichanganya zote kwenye fungu moja. Halafu zinakuja zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambazo ndizo nyingi kuliko zote koponi. Bodi hiyo ilikaa London, sarafu zake zikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika, Zanzibar ikajiunga 1936, Aden 1951. Daftari likataka nchi moja kwa kila mstari, na sarafu hazikuwa nayo.

Alama za shemeji zilijengwa juu ya nchi na mwaka, kwa mfano TZ-1966-20, kwa hiyo nchi ilipotetereka, namba nazo zikatetereka. Sarafu mbili zilizofanana kabisa zikapata namba moja. Nyingine ikabadilishiwa kundi, ikabidi ifutwe na kuandikwa upya kurasa tatu mbele. Aliyewahi kukaa kwenye mradi wowote wa serikali za mitaa anaijua hatua hii: watu wanaanza kuutumikia mfumo wa taarifa badala ya mfumo kuwatumikia wao.

Mwaka nao ulikuwa na mambo yake. Shaba ya Barghash imeandikwa 1299, mwaka wa Hijria, ambao sehemu yake iko 1881 na sehemu kubwa 1882. Lakini mjadala mkali uliletwa na reale moja ya fedha, ile kubwa yenye kifua cha Maria Theresa wa Austria. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki, ingawa ziliendelea kupigwa kwa zaidi ya karne moja na nusu: Vienna, Roma, London, Paris, hata Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa huku kwetu hawakutaka nyingine.

“Shemeji, hii tuiandike mwaka gani?” nilimuuliza.

“Ulioandikwa.”

“Na kama ilipigwa 1935?”

Alivua miwani. “Basi daftari litakuwa linasema uongo, na mimi sijawahi kusaini hesabu ya uongo.”

Safu ya mwaka ikapasuliwa mbili: ulioandikwa, na tunaoukadiria. Ya pili ina nafasi nyingi tupu, na shemeji bado haipendi.

Hayo yote lakini ni mabishano ya wino, na wino hauozeshi sarafu. Hasara ya kweli ilikuwa kwenye albamu, na ilikuja kimya wakati sisi tunashindana juu ya nchi. Ilikuwa albamu ya kawaida ya duka la vifaa vya ofisi, ya kuwekea kadi za biashara, vijifuko vyake laini, vinang’aa, na vina ile harufu kali ya pazia jipya la bafuni. Harufu hiyo ni taarifa. Plastiki laini ya namna hiyo ni PVC, na kinacholainisha PVC ni mafuta ya kikemikali ambayo hayabaki mahali pake. Joto likipanda na unyevu ukikaa, mafuta hutoka, na plastiki yenyewe hutoa tindikali kidogo kidogo. Mezani Ulaya jambo hilo huchukua miaka. Tanga, nyumba ikiwa karibu na bahari na masika yameingia, halina subira hiyo.

Tulipoifungua albamu, sarafu iliyoathirika vibaya zaidi ni senti kumi ya 1936, yenye tundu katikati. Ni sarafu ninayoipenda kupita zote koponi. Pembe mbili za ndovu zimepinda kulizunguka tundu, upande wa pili kuna taji, na jina EDWARDVS VIII. Mfalme huyo alishika kiti Januari 1936 akakiacha Desemba mwaka huohuo kabla hajavishwa taji, na huko kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya watu. Hizi zenye tundu hazikuhitaji sura, jina lilitosha. Ndiyo maana mwuza maandazi wa Ngamiani alishika sarafu ya Edward wa Nane wakati mwuza mkate wa London hakuwa nayo. Na si ghali. Zilitoka nyingi mno.

Kwenye hiyo ya kwetu, ukingo wa tundu ulikuwa na ute wa kijani kibichi, unaonata kama asali iliyomwagika juzi. Umejikusanya kwenye shina la kila pembe na ndani ya herufi. Ukiugusa kwa kijiti cha meno unavutika. Tulitumia asetoni tupu, si dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo huwa imechanganywa na mafuta na manukato. Bakuli la kioo, madirisha wazi, jiko limezimwa, sarafu ikalowekwa, ikatolewa na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa. Ute ulitoka wote. Chini yake pembe moja ilikuwa imeshakuwa na vishimo vidogo kama ndui, na hivyo havina dawa.

Kuanzia hapo mpango uligeuzwa kichwa chini. Daftari lilisimama, uhifadhi ukatangulia. Na vifaa vilivyofaa havikutoka kwa wauzaji wa vifaa vya wakusanyaji sarafu, ambao kwetu hawapo. Vilitoka duka la dawa. Vile vifuko vidogo vya kufungia vidonge, vyenye mdomo wa kubana, kwa kawaida ni polithini, plastiki isiyotoa mafuta wala tindikali. Kila sarafu ikapata kifuko chake, na karatasi nyeupe ndogo yenye namba iliyoandikwa kwa penseli ikawekwa kwenye kifuko cha pili cha nje, isigusane na chuma. Vifuko vikaingia kwenye kopo la plastiki ngumu la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko wa kubana. Geuza kopo chini utazame pembetatu: namba 5 inafaa, namba 3 ndiyo PVC, iache dukani. Ndani tukaweka silika, zile punje zinazokuja na viatu vipya, ila tulitafuta zinazobadilika rangi zikishiba maji, ili ujue wakati wa kuzikausha. Kopo likakaa kabatini chumba cha ndani, mbali na ukuta unaopigwa na mvua ya kusi. Bahasha za kaki na mipira ya kufungia noti tumezipiga marufuku, kwani zote zina salfa, na salfa huifanya fedha kuwa nyeusi.

Shaba chache zilikuwa na madoa ya kijani hafifu, makavu, yanayotoka unga ukigusa na kurudi baada ya muda. Hayo ni mengine kabisa na ule ute: ni chumvi iliyokwisha kuingia ndani ya shaba na kuamshwa na unyevu. Tumezitenga na kuziweka pakavu kuliko zote. Zingeachwa pamoja na nyingine, tungezipoteza taratibu bila kujua kwa nini.

Shangazi wa mke wangu, mtu anayeng’arisha sinia za shaba kila Idi kwa ukwaju na majivu, alijitolea kutusaidia. Ilichukua adabu nyingi kumzuia. Sinia ukilisugua linabaki sinia. Sarafu ukiisugua umeondoa ngozi yake, pamoja na mistari myembamba ambayo ndiyo ushahidi wa jinsi ilivyopigwa. Rangi ya kahawia iliyotulia juu ya shaba kongwe ni kinga. Shangazi alituona wavivu, na hajabadili rai.

Koponi mna heller 20 mbili za Tabora za 1916, na kila nikiziona nawaza upya nini hasa ni mradi uliofanikiwa. Bahari ilikuwa imefungwa na meli za Kiingereza, sarafu haziji kutoka Ujerumani, askari na wapagazi wanataka malipo. Wajerumani wakazipiga wenyewe kwenye karakana ya reli. Ni mbaya: shaba nyekundu au njano, kulingana na madini yaliyopatikana, taji limekaa upande, maandishi hayalingani kina. Zina herufi T, ya Tabora. Septemba mwaka huohuo mji ukachukuliwa na majeshi ya Wabelgiji. Hazikuwa na wataalamu wala ratiba ya London, na zilifanya kazi iliyokusudiwa kwa muda uliohitajika. Senti ya alumini, iliyofikiriwa vizuri zaidi, haikufanya.

Daftari lilipofunguliwa tena, namba zilianza 1 na kuendelea kwa kadiri sarafu inavyotoka koponi, bila kubeba maana yoyote. Makumbusho mengi hufanya karibu na hivyo. Namba isiyosema kitu haiwezi kukosea. Uzito na kipenyo ni kazi ya dakika chache ukiwa na mizani ya gramu yenye desimali mbili na rula. Picha hupigwa dirishani asubuhi, mwanga ukija kwa ubavu. Safu ya bei imefutwa kwa sababu ilikuwa inaleta ndugu.

Safu iliyoongezwa inaitwa “ilikotoka”, na hiyo ndiyo iliyonifanya nijute kwamba mzee hakuulizwa. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Alizitia kwenye kopo, zikakaa humo mpaka 1979. Tano kati yake zilikuwa shaba za Kilwa, zile zisizo na mwaka, zenye jina la sultani upande mmoja na maneno yenye vina upande wa pili. Zingekuwa vipande vya shaba vya ajabu tu kama asingekuwa ameweka ramani yenye alama ya mahali alipoziokota. Kwa huku kwetu, mtu akiokota kitu cha namna hiyo ufukweni asikifanye mali ya kopo: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 kuwa mabaki ya kale, na ugunduzi wake unatakiwa kuripotiwa. Za mzee ni za dukani na mitaani. Kwa nyingi safu hiyo ina neno moja: Ngamiani. Kwa reale, mama mkwe alikumbuka kwamba ilikuja na mahari ya dada yake mzee, kutoka Pangani, na shemeji akaandika sentensi nzima ikavuka mstari.

Jambo moja ambalo hakuna mpango wetu uliolifikiria ni sarafu za sasa. Za mwaka 1966, za mwanzo za Benki Kuu ya Tanzania, ndizo zilizochakaa kupita zote koponi: sulisuli wa senti tano, mbuni wa senti ishirini, sungura wa senti hamsini, mwenge wa shilingi. Heller za Wajerumani zina hali nzuri kuliko hizo, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuweka pembeni kitu alichokuwa nacho kila siku. Kwa hiyo sasa tukipata mia tano mpya benki, ile yenye Karume na nyati iliyotoka 2014, tunaishika kwa ukingo na kuitia kifukoni moja kwa moja, tarehe na tawi vimeandikwa. Mtoto wa shemeji aliuliza kwa nini tunafungia pesa inayonunua maji ya kunywa. Baba yake akamwambia alete nyingine, atamrudishia noti.