Chembe za Almasi na Mhunzi wa Kakonko

Fundi wa hapa Visiwani anapotoboa kigae kigumu ili kupitisha bomba la maji, kinachotoboa si meno ya chuma. Ni chembe ndogo mno za almasi zilizogandishwa kwenye ncha ya kekee. Ncha hizo, pamoja na tupa za almasi wanazotumia wachonga mawe, hutujia kutoka ng'ambo; makali yakiisha hutupwa, na fedha nyingine hutoka kununua mpya. Leo tunalizungumza jambo hili pamoja na ndugu zetu wa Kakonko, katika nyanda za juu za Kigoma, kwa sababu ambazo msomaji ataziona punde.

Asili ya ufundi huu si ngeni kwetu. Mafundi wa zamani walilainisha mbao kwa majani ya mti wa msasa, yenye ukavu wa kukwaruza, na ndiyo maana hata karatasi ya dukani tunaiita msasa. Tupa ya almasi ni msasa uleule, ila jani limekuwa chuma.

Chembe hizo hushikwaje? Chombo huchongwa kwanza kwa chuma cha pua, kikasafishwa kwa magadi na tindikali hadi kisibakie na mafuta hata kidogo. Sehemu isiyotakiwa kukata hufunikwa kwa nta. Kisha hutumbukizwa katika maji ya chumvi za nikeli yenye uvuguvugu wa nyuzi 50 au 60 hivi, pamoja na kipande cha nikeli, na umeme wa mkondo mmoja hupitishwa. Chembe za almasi hurundikwa juu ya chuma. Nikeli inayojijenga taratibu huzikamata zile zinazokigusa, nazo za ziada hukung'utwa. Halafu kazi huendelea kwa saa kadhaa mpaka nikeli inapofunika nusu ya kimo cha kila chembe au zaidi. Kilichobaki nje ndicho makali. Zinapochakaa, nikeli ya zamani yaweza kuondolewa na kiini kilekile kikapakwa upya. Visahani vikubwa vya kukatia mawe aghalabu hutengenezwa kwa njia nyingine, ya kushindilia unga wa metali na kuuchoma, nayo yataka mitambo mizito, hiyo tunaiacha.

Tuitazame sasa ramani. Pale Nyakanazi njia zinaachana: moja yaenda Ngara, ambako kuna nikeli ya Kabanga, nyingine yaenda Kahama na kuendelea Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na ya tatu yateremka Kakonko, iliyokuwa sehemu ya Kibondo hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Huko kote uhunzi ni kazi ya kale. Warongo wa pande za Biharamulo na Geita waliyeyusha chuma kabla ya wakoloni, na majembe ya Usumbwa yalibadilishwa kwa chumvi ya Uvinza.

Lakini tusimdanganye mtu kwa ramani. Chembe za almasi zinazotumika viwandani leo nyingi hazichimbwi. Hutengenezwa kwa joto na mgandamizo, kama kampuni ya General Electric ya Marekani ilivyofanikiwa kufanya mwaka 1954, na China ndiyo inayoongoza kwa kuzitoa. Nikeli ya Kabanga nayo Serikali iliitilia mkataba Januari 2021, na kiwanda cha kuisafisha kimekusudiwa kuwa Kahama. Anayengoja madini yetu wenyewe ndipo aanze ufundi atangoja sana. Chembe na nikeli zinunuliwe hata nje, maana zinazohitajika kwa chombo kimoja ni chache. Tunachokikosa ni mikono inayojua kazi.

Kikwazo kikubwa kilikuwa umeme. Kwa miaka mingi Kakonko, Kibondo na Kasulu zilitegemea jenereta za dizeli, na mkondo ukikatika katikati ya kazi, nikeli huweza kubanduka kama ganda. Gridi ya Taifa iliingia huko mwaka 2022. Kwa hiyo tunauliza, na tunawauliza maofisa wa SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya kazi za namna hii hasa: je, vijana wa Kakonko wataendelea kuonyeshwa kuchomelea madirisha tu?

Yapo mawili ya kuangaliwa. Almasi haifai kukatia chuma, kwa kuwa penye joto kali kaboni yake huingia ndani ya chuma na makali yakaisha upesi. Basi vyombo hivi vilengwe kwenye mawe, vigae na vioo. La pili ni zito zaidi. Chumvi za nikeli ni sumu, huumiza ngozi na mapafu. Maji yake yasimwagwe mtoni hata tone, kwani mito ya huko huelekea Malagarasi, na Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika. Karakana isiyo na tangi la kutuliza na kusafisha maji hayo isipewe kibali.

Nasi Visiwani tunalo la kufanya. Wakandarasi wetu wazihifadhi ncha na tupa zilizochakaa badala ya kuzitupa jaani. Kiini cha chuma kilichopo ndani yake kingali kizima, na fundi anayejifunza kupaka hahitaji kuanza na kingine.